Timu ya Tatu Haina Mtani

Muulize shabiki wa Simba au wa Yanga ilikuwaje akaipenda timu yake, na mara nyingi utapewa sababu ndogo mno. Baba alikuwa na redio, na redio ya baba ilikuwa ya Yanga. Mjomba alitoka Dar es Salaam na jezi nyekundu. Darasani wengi walikuwa wa timu ile, naye hakutaka kuwafuata. Mmoja atakuambia kwamba siku ya kwanza aliyosikia mpira ukitangazwa timu hii ilifungwa, akaionea huruma, na huruma hiyo haijamtoka hadi leo. Mwingine atasema alikuwa mtoto na simba ni mfalme wa mwituni, basi. Sijakutana na aliyesema kwamba alikaa chini, akalinganisha makocha, wachezaji na hesabu za klabu, ndipo akaamua. Na mtu huyohuyo aliyechagua kwa sababu ya rangi ya shati, timu yake ikifungwa na mtani Jumamosi, Jumapili hatoki nje, na Jumatatu anapita njia ya nyuma kwenda kazini ili asikutane na wa kijiweni.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa upuuzi. Mimi naona lina historia ndefu ambayo haijasimuliwa vya kutosha. Kwa nini huyu alichagua Yanga na yule Simba ni swali jepesi. Lililo zito limejificha nyuma yake: kwa nini ziko mbili? Tanzania imekuwa na timu nyingi nzuri, na kadhaa zimetwaa ubingwa wa nchi mbele ya hizi mbili. Lakini ukimuuliza mtu wa Mwanza, Songea, Kigoma au Unguja, "Wewe timu gani?", anajua kwamba majibu yanayotarajiwa ni mawili. Kulijibu swali hilo kunaturudisha Kariakoo ya miaka ya 1930, kisha nyuma zaidi, kabla mpira haujawa mchezo wa mjini.

Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa mji mdogo uliopangwa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa bahari kwenye upepo, Wahindi katikati kwenye maduka, na Waafrika Kariakoo na Ilala, ng'ambo ya uwanda wa Mnazi Mmoja ulioachwa wazi makusudi ili kuwatenga. Kariakoo yenyewe ilikuwa imeanza kama kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Sasa ilikuwa mitaa iliyonyooka ya nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake: kuli wa bandarini kutoka Rufiji, karani aliyesoma misheni, Mmanyema ambaye wazee wake walitoka Ujiji, Mzaramo mwenye shamba Kisarawe. Watu hawa walifanya kazi chini ya wakubwa tofauti, wakasali mahali tofauti, wakazikwa na jamaa tofauti. Jioni vijana wao walicheza mpira kwenye viwanja vya mchanga.

Katika vijana hao ndimo ilimotoka Young Africans, yaani Yanga, klabu inayohesabu kuzaliwa kwake mwaka 1935. Wazee wa klabu huyataja majina yaliyotangulia, Taliana na New Youngs yakiwamo, kwa maana timu za wakati huo zilibadilisha jina upesi kadiri watu walivyoingia na kutoka. Mwaka uliofuata, 1936, kundi moja lilijitoa. Likajiita Queens, kisha Eagles, halafu Sunderland (Simba ya leo), jina la timu ya Uingereza iliyotwaa ubingwa wa ligi ya kwao mwaka huohuo wa 1936 na ambayo nayo huvaa nyekundu na nyeupe. Ugomvi uliowatoa vijana wale Young Africans husimuliwa na kila upande kwa namna yake, na kila upande ndio uliokuwa na haki. Ndugu waligombana wakagawana nyumba. Kwa klabu ya vijana wa mtaani, huo ulikuwa mgogoro wa kawaida kabisa, na mingi ya namna hiyo imesahauliwa.

Huu haukusahauliwa. Tena mji ulijipanga nyuma yake kwa kasi ambayo mpira peke yake hauwezi kuieleza. Ndani ya miaka michache tu mtu wa Kariakoo alikuwa wa Yanga au wa Sunderland, hata kama hajawahi kugusa mpira. Nadhani sababu ni kwamba watu wale walikwisha kuzoea. Walizaliwa katika miji ya pande mbili, na baba zao walikuwa na pande zao.

Chukua ngoma ya beni. Ilianza katika mwambao wa Kenya, Lamu na Mombasa, kabla karne ya 19 haijaisha, vijana walipoanza kuiga bendi za jeshi na za manowari. Ikashuka pwani yote hadi Tanganyika ya Wajerumani, na kila ilikofika ilifika kwa jozi. Bara na pwani, jozi kubwa ilikuwa Marini na Arinoti. Siku ya mashindano kila chama kilitoka na tarumbeta na ngoma zake, wachezaji wamevaa sare zilizopigwa pasi, kofia, mikanda na nishani za kujitengenezea, wakiandamana kwa hatua za askari nyuma ya viongozi wenye vyeo vikubwa: kingi, admirali, jenerali, hata Kaisari na Bismarck walikuwamo. Nyimbo zilitungwa kuwachoma wenzao, na zilichoma kweli. Fedha ziliteketea. Chama kimoja kikichinja, kingine nacho kilitafuta cha kuchinja zaidi, na watu wazima waliingia madeni kwa ajili ya karamu ya siku moja. Marini walijihesabu watu wa juu, wasafi, wenye kazi za kuandika. Arinoti walijivunia wingi na ukali wao.

Maofisa wa Kiingereza waliokuja kutawala baada ya vita waliliangalia jambo hili kwa wasiwasi, wakidhani pengine kuna njama nyuma ya vyeo vile. Hawakuona jambo lililokuwa kubwa zaidi kwa mwenye ngoma. Vyama hivi vilikuwa na matawi katika kila mji wa barabara ya reli, na wakati wa vita vilikuwa na watu wake katika majeshi yote mawili. Mgeni aliyeshuka Tabora bila ndugu aliuliza tu wako wapi Marini, au wako wapi Arinoti, akapata pa kulala. Akiugua walimtazama. Akifa walimzika. Kwa nini alikuwa Marini? Kwa sababu siku alipofika mjini mara ya kwanza, aliyempokea alikuwa Marini. Sababu ilikuwa ndogo kama hiyo ya jezi ya mjomba, lakini ilimpa mahali pa kusimama katika nchi ngeni.

Wala haikuwa desturi ya pwani tu. Usukumani, baada ya mavuno, vijana hucheza ngoma katika vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi yanavirudisha kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wanacheza siku moja, uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi. Anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Ninaipenda sana kanuni hii kwa ukweli wake: mtazamaji ndiye goli. Akihama hatua kumi kutoka huku kwenda kule, amebadilisha matokeo, na hakuna anayemwuliza alivutiwa na nini, kama ni ngoma, dawa, mavazi, au msichana aliyesimama upande ule. Na Lamu, mji mdogo ambao unaweza kuutembea wote kabla chai haijapoa, Mkomani na Langoni wameshindana kwa vizazi kwa mashairi, kwa maulidi, kwa ngoma na kwa mpira.

Kwa hiyo mpira ulipofika Kariakoo ulizikuta pande zikisubiri. Beni ilikuwa inazeeka. Vijana waliosoma shule waliona vyeo vya admirali ni mambo ya wazee. Lakini haja ya kuwa na upande, na ya kuwa na mwenzako wa upande wa pili wa kumtambia, haikuzeeka pamoja nayo. Yanga ikajengeka Jangwani, ikasemwa ni timu ya watu wa pwani na wafanyakazi wa mikono. Sunderland ikajengeka mtaa wa Msimbazi, ikasemwa ni ya watu wa mjini zaidi, wenye kusoma na wenye maduka, Wamanyema na Waarabu wakiwamo. Nasema "ikasemwa" kwa sababu nyumba za Kariakoo hazikuwahi kutii mipaka hiyo. Chumba cha kulia Yanga, cha kushoto Sunderland, na katikati ukumbi mmoja ambamo wote walipaswa kupita wakienda kisimani.

Wakati wa kudai uhuru Yanga ilihesabiwa klabu iliyo karibu na chama cha TANU, ambacho ofisi yake kuu ilikuwa mtaa wa New Street, hapohapo pembezoni mwa Kariakoo, na hadi leo wana Jangwani wanajivunia hilo. Hata hivyo hapana shaka kwamba walikuwamo watu wa Sunderland katika mikutano ileile, wakiitikia uhuru pamoja na watani wao na kurudi nyumbani kubishana juu ya mpira wa Jumapili.

Uhuru ulipopatikana ukaja uwanja wa Taifa, na mwaka 1965 ikaanza ligi ya nchi nzima. Sunderland ilitwaa ubingwa miaka miwili ya kwanza. Mwaka 1967 ilitwaa Cosmopolitan, timu nyingine ya Dar es Salaam, na naomba msomaji alikumbuke jina hilo kwa sababu tutalirudia. Kisha Yanga ikashika ubingwa mara tano mfululizo, 1968 hadi 1972, na katika mwaka wa kwanza wa mlolongo huo, tarehe 1 Juni 1968, iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0.

Mtu anayedhani mashabiki wa kawaida hufuata ushindi angetarajia Sunderland ife hapo, au ibaki na wazee wachache. Kilichotokea ni kwamba ilizidi kukua. Katika familia ambayo kaka mkubwa alijiunga na mabingwa, mdogo wake aliona nafasi iliyobaki ni moja, akaichukua. Mnyonge wa jozi hana shida ya watu, maadamu ni wa pili katika jozi. Miaka hiyo ya kipigo ndiyo iliyoiandalia klabu ya Msimbazi kizazi cha watu wagumu kuliko wote, na walilipwa. Simba ilichukua ubingwa mara tano mfululizo kuanzia 1976 hadi 1980, na tarehe 19 Julai 1977 ikaifunga Yanga mabao 6 kwa 0, matatu yakiwa ya Abdallah Kibadeni. Shabiki wa Simba ambaye baba yake hakuwa amezaliwa siku hiyo anaweza kukutajia tarehe yake.

Jina la Simba lilikuwa limekuja mwaka 1971, wakati nchi ilipokuwa inajivua majina ya kigeni, na Sunderland ikaonekana haifai. Wazee wa klabu humtaja Mzee Abeid Amani Karume kuwa ndiye aliyehimiza mabadiliko hayo. Vyovyote vile, badiliko hilo lilifanya kazi kubwa kuliko waliolipanga walivyoweza kujua, kwa sababu lilikutana na redio. Sunderland ilikuwa jina la watu wa Kariakoo waliowahi kulisoma gazetini. Simba ni neno ambalo mtoto wa Sumbawanga analijua kabla hajajua Dar es Salaam iko upande gani. Akiwa na miaka sita amekaa chini ya mwembe, redio ya betri imewekwa juu ya kinu ili ishike mawimbi vizuri, na wanaume wameinamisha vichwa wakimsikiliza Ahmed Jongo au Charles Hilary wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtangazaji anasema mpira uko kwa Simba. Mtoto anawaona simba, kabisa. Upande wa pili kuna neno Yanga ambalo halina maana yoyote kwake isipokuwa kwamba babu, kila likitajwa, anasogea mbele kwenye kigoda. Hapo mtoto anachagua, kwa mnyama au kwa babu, na uchaguzi huo atakwenda nao kaburini.

Redio ndiyo iliyozitoa pande mbili za Kariakoo zikawa pande mbili za nchi. Mwaka 1974 watani walikutana uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Yanga ikashinda 2 kwa 1 kwa mabao ya Gibson Sembuli na Sunday Manara, na mji ule wa ziwani, ulio safari ya zaidi ya siku nzima kwa treni kutoka Jangwani, ulikuwa umegawanyika kama mtaa wa Msimbazi wenyewe.

Mwanasaikolojia Henri Tajfel alijaribu kuipima hali hii kwa wavulana wa shule, Bristol, Uingereza. Alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland aliyepoteza jamaa zake katika mauaji ya Wanazi, na alitaka kujua watu wanahitaji sababu kiasi gani ili wajigawe kuwa sisi na wao. Katika jaribio alilolichapisha mwaka 1971 pamoja na wenzake, wavulana walionyeshwa michoro, wakaambiwa kwamba wameingizwa kundi la waliompenda Klee au la waliompenda Kandinsky. Kwa kweli walikuwa wamegawanywa bila mpango wowote. Wavulana wale hawakujua nani mwenzao, hawakuzungumza, hawakuwa na la kufaidi wao wenyewe. Hata hivyo walipopewa fedha za kugawia wengine, waliwapendelea wa kundi lao, na mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu ilimradi liwazidi wale wengine. Tajfel aliyasoma matokeo hayo kwa hofu, na mtu aliyepitia aliyoyapitia alikuwa na haki ya kuhofu.

Nayasoma pia kwa mizani ya Kariakoo, ambako kitu kilekile kilizaa matunda mengine. Tofauti iliyookoa mambo ni mahali ambapo mstari ulipita. Tazama Nairobi. AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 kama klabu ya Abaluhya, na Gor Mahia ikaundwa mwaka 1968 kutoka Luo Union na Luo Stars, ikapewa jina la mganga mashuhuri katika masimulizi ya Wajaluo. Ni klabu kubwa zenye historia ya kujivunia. Gor Mahia iliipa Kenya kombe la Afrika la washindi mwaka 1987. Lakini kwa miaka mingi mtoto wa nyumba fulani hakuwa na haja ya kuchagua, jina la ukoo lilikwisha kumchagulia. Kwa Simba na Yanga mstari ulipita katikati ya nyumba. Haukufuata kabila, dini, mkoa wala chama. Mwana CCM wa Msimbazi huvaa kijani na njano mkutanoni bila tatizo, na siku ya mechi hawezi kuvaa hata soksi ya rangi hizo za Yanga. Kama sababu za kuchagua zingekuwa nzito, zingekuwa ndizo zilezile zinazogawa watu mahali pengine. Wepesi wake ndio uliowaacha mume na mke wawe pande mbili na walale kitanda kimoja.

Na mahali hapo watu walikwisha kuwa na chombo cha kuishi na mpinzani: utani. Wazaramo na Wanyamwezi, Wangoni na Wahehe, makabila yaliyowahi kukutana kwa vita au kwa misafara, yalijiwekea ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana na wajibu wa kuzikana. Simba na Yanga waliitwa watani wa jadi, nao wakaichukua desturi pamoja na jina. Wa Simba akawaita wenzake vyura kwa mafuriko ya Jangwani, baadaye utopolo. Wa Yanga akawaita wenzake mikia, baadaye makolo. Ukifiwa, mtani wako wa kijiweni ndiye wa kwanza kushika jembe, na pale makaburini hakuachi bila kukuambia marehemu angefufuka kama timu yake ingeshinda mwaka huu. Ugomvi wa kweli upo, na mawe yamewahi kurushwa, sitaki kuufuta. Lakini ninaposikia watu wakitamani mashabiki wawe watulivu na wenye hoja, huwa nawaza kwamba hawajakaa msibani na mtani.

Sasa turudi kwa Cosmopolitan. Iko wapi? Ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1967. Mseto ya Morogoro ilitwaa mwaka 1975, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, Mtibwa Sugar mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Kila moja ilipendwa kwao, na Tanga wana haki ya kujisikia. Hakuna hata moja iliyoweza kumfanya mtoto wa mkoa mwingine aseme, "Mimi ni wa hiyo."

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Pan African, kwa sababu ulitoka ndani. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka. Waliobaki Jangwani waliitwa Yanga Kandambili, na waliotoka, wengi wao wakiwa vijana na nyota wa uwanjani, wakaitwa Yanga Raizoni, kwa vile viatu virefu vya soli nene vilivyokuwa fasheni ya wakati huo. Majina hayo yanakuonyesha mgawanyiko wa wazee na vijana, wa wenye ndala na wenye mitindo, unaofanana sana na ule wa Arinoti na Marini. Raizoni wakaunda Pan African. Walikuwa na wachezaji, walikuwa na mchezo wa kupendeza, na mwaka 1982 walitwaa ubingwa. Kilichotokea mwaka 1936 kilielekea kutokea tena. Lakini safari hii nafasi zilikuwa zimejaa. Sunderland ilipotoka Yanga iliukuta upande wa pili uko wazi, ikaingia. Pan ilipotoka ilikuta upande wa pili una mwenyewe. Mashabiki walivutiwa nayo, wakaisifu, kisha taratibu wakarudi kwenye kandambili zao.

Hata mtu mmojammoja akihama, huhama ndani ya jozi. Sunday Manara, yule wa bao la Nyamagana, aliyeitwa Computer na aliyekwenda kucheza Heracles ya Uholanzi mwaka 1977, alikuwa mtu wa Yanga pamoja na ndugu zake Kitwana na Kassim. Mwanawe Haji akaja kuwa msemaji wa Simba, sauti kubwa kuliko zote ya kuwatambia wa Jangwani, na mwaka 2021 akavuka kwenda kuwa msemaji wa Yanga. Nchi nzima ilizungumza. Kama angekwenda kwingine kokote ingekuwa habari ya siku mbili.

Halafu ikaja Azam. Kama yupo aliyeamini kwamba shabiki huchagua kwa hoja, hii ndiyo timu aliyokuwa anaingoja. Nyuma yake kuna kampuni tajiri ya Bakhresa. Ilipanda ligi kuu mwaka 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi wakati Simba na Yanga, zilizokuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, zilikuwa hazina uwanja wa maana wa kuchezea. Mishahara ililipwa kwa wakati. Vijana walifundishwa. Msimu wa 2013/14 ilitwaa ubingwa bila kufungwa mechi hata moja, na mwaka 2015 ikachukua Kombe la Kagame. Karibu kila nyumba nchini ina unga, juisi au maji yenye jina lake. Nawaheshimu sana waliofanya kazi hiyo, na mpira wa Tanzania umefaidika nayo.

Lakini nenda uwanjani siku Azam inacheza na Simba. Utakuta watu wengi wanaishangilia Azam, wanasimama, wanapiga vuvuzela, wanawazomea Wekundu kila wakigusa mpira. Ukiwatazama vizuri, chini ya makoti na mashati ya kawaida utaona kola za kijani. Ni watu wa Yanga waliokuja kufanya kazi yao. Azam ikicheza na Yanga, wanaokuja ni wale wengine, na kola ni nyekundu. Hata wageni wa nje, Waarabu au Wakongo waliokuja kwa mechi za Afrika, hupewa mashabiki wa kuazima namna hiyohiyo, hadi kupokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na watu ambao hawajui jina la mchezaji wao hata mmoja. Wakati Yanga inafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 dhidi ya USM Alger, Waalgeria walikuwa na wapenzi Msimbazi. Simba ilipofika fainali ileile mwaka 2025, RS Berkane ya Morocco ikapata wapenzi Jangwani.

Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5 kwa 1. Wa Yanga walikuwa wameisubiri siku hiyo tangu Mei 6, 2012, Simba ilipowafunga 5 kwa 0. Wiki ile ya Novemba nilimsikia mama mmoja sokoni akimuuliza mjukuu wake wa miaka saba kama sasa atahamia Yanga kwa babu, maana timu yake imeaibika. Mtoto alikuwa bado na macho mekundu ya kulia. Akamjibu kwamba hapana, yeye ni Simba, na tena babu ajiandae. Bibi akacheka, akampa andazi, akaniambia kwamba yeye mwenyewe hana timu, huwa anaangalia tu nani ndani ya nyumba amefungwa siku hiyo ili ajue ampikie nani.